Tembe la Kwihara: mahali ni pale pale, kuta ni nyingine

Wageni wengi wanaofika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, huamini kuwa kuta wanazozigusa ndizo zilizomhifadhi David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Scotland, mwaka 1872. Sivyo. Jengo lililopo lilijengwa upya katika karne ya 20, kwa mtindo wa lile la zamani.

Chanzo cha lile la zamani kutodumu ni paa. Tembe huezekwa bapa: boriti, fito zilizobanana, nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa. Kiangazi udongo hupasuka. Mvua za Novemba hadi Aprili zikapenya kwenye nyufa. Ukiloa huzidi uzito, boriti hupinda katikati, maji hutuama hapo hapo, na mchwa humalizia ncha zilizofukiwa ukutani. Paa likishaporomoka, ukuta wa udongo humomonyoka kuanzia juu. Bila kusiribwa upya kabla ya mvua, tembe halidumu, hata liwe la tajiri gani.

Wengine husema hapa ndipo Livingstone alipokutana na Henry Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta. Sivyo. Walikutana Ujiji, Kigoma, mwaka 1871. Kwihara walifika pamoja Februari 1872; Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani.