Shahada ya miaka miwili ya Marekani, na neno "sanaa" linalotupoteza

Hivi karibuni nililetewa hati ya matokeo ya kijana aliyemaliza miaka miwili katika chuo cha jamii ("community college") huko Marekani, pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili iliyokuwa imekwisha kupelekwa kwa wafadhili na kurudishwa. Kijana anataka kuendelea na uchumi katika chuo kikuu, na familia ilikuwa inaomba ada ya miaka miwili iliyobaki. Wafadhili walihoji, na kwa haki kabisa, inakuwaje mwenye cheti cha sanaa aombe kulipiwa mwaka wa tatu wa uchumi. Juu ya tafsiri ile palikuwa pameandikwa "Stashahada ya Sanaa Huria". Ni maneno matatu tu yenye uzito, na yote matatu yanampotosha msomaji. Baba wa kijana aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mwanawe alikuwa amekwenda ng'ambo kujifunza kuchora. Nimekwisha kuulizwa swali hilo na wazazi wengine pia, kwa hiyo naona afadhali nilijibu kwa maandishi.

Shahada yenyewe, ambayo kwenye cheti huandikwa "Associate of Arts" na kwa kifupi A.A., ni shahada ya ngazi ya kwanza kabisa katika elimu ya juu ya Marekani. Hutolewa zaidi na vyuo vya jamii, baada ya mwanafunzi kukamilisha krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 60 hivi, na sehemu kubwa ya krediti hizo huwa ni masomo ya jumla. Hizo ni nusu ya krediti 120 ambazo kwa kawaida hudaiwa kwa shahada ya miaka minne. Aliyeipata huomba kuhamia chuo kikuu, na krediti zake zikikubaliwa huingia moja kwa moja mwaka wa tatu. Maana yake ni hiyo, wala haina ugumu. Ugumu uko katika majina.

Neno la Kilatini "ars", ambalo kwa wingi ni "artes", halikuwa na maana ya picha, ngoma na maigizo. Lilikuwa na maana ya ujuzi wenye kanuni, ule ambao mtu anaweza kufundishwa na mwingine. Warumi walikuwa na fungu la elimu walizoziita "artes liberales", kutokana na "liber", yaani mtu huru, asiye mtumwa. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, katika barua yake ya 88 kwa rafiki yake Lucilius, anaeleza waziwazi kwamba masomo haya yaliitwa hivyo kwa sababu yanamstahili mtu huru. Na katika barua hiyo hiyo anakataa kuwaingiza wachoraji katika hesabu yake. Hapo ningependa msomaji asimame kidogo. Tangu karne ya kwanza tayari kulikuwa na mtu aliyesema kwamba uchoraji haumo, na sisi leo tunautafsiri kana kwamba ndio kiini chenyewe. Katika zama za kati elimu hizo zilihesabiwa saba: sarufi, mantiki na balagha (ufundi wa kusema) kwanza, kisha hesabu, jiometri, muziki na falaki. Hata muziki uliwekwa upande wa hesabu kwa kuwa ulisomwa kama elimu ya uwiano wa sauti.

Kiswahili hakikukosa neno la kulibeba wazo hili. Katika pwani yetu mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa, na baadaye neno likapanuka likawa na maana ya mtu mwenye adabu na ukarimu. "Liberalis" ya Kilatini ilipita njia hiyo hiyo: kwanza jambo linalomhusu mtu huru, kisha ukarimu na tabia njema. Kama ningeachiwa mimi, ningeziita elimu za kiungwana, na kila aliyelelewa Lamu au Zanzibar angenielewa. Najua hata hivyo kwamba neno hilo, kama lile la Kilatini, lina kivuli cha watu walionyimwa uungwana na kunyimwa elimu pamoja nao, na sitaki kukificha.

Neno ambalo halifai kabisa ni "huria". Mtanzania akisikia "huria" mbele ya elimu anakumbuka Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na hapo maana yake ni elimu inayomfikia mwanafunzi popote alipo, hata aliye kazini. Hayo ni mambo mema, ila si haya tunayoyazungumza. Kijana wetu alikuwa akikaa darasani siku tano kwa wiki.

Linabaki neno "stashahada", na hili ndilo lililowachanganya wafadhili. Kwetu Tanzania tuna astashahada, stashahada na shahada, na stashahada ni cheti cha fani: uuguzi, uhasibu, ualimu, ufundi. Aliyeipata anaweza kuajiriwa kesho yake, na akitaka shahada kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka kidato cha sita. Mwenye A.A. hana fani bado. Hakuandaliwa kuwa muuguzi wala mhasibu. Amesoma nusu ya shahada, ile nusu ambayo Wamarekani huiona kuwa lazima mtu aipitie kabla ya kubobea. Vyeti hivi viwili vinakaribiana kwa idadi ya miaka tu. Kinachokaribia stashahada yetu ni cheti kingine cha huko huko, A.A.S. ("Associate of Applied Science"), ambacho neno la tatu katika jina lake linaashiria elimu ya vitendo kwa ajili ya kazi. Vyote viwili hutolewa na chuo kimoja, katika majengo yale yale, kwa miaka ile ile miwili, na mwanafunzi mgeni asiyeelekezwa anaweza kujiandikisha katika A.A.S. akidhani atahama nayo, kisha akakuta chuo kikuu kinazikataa krediti zake nyingi.

Nadhani tunakosea kwa sababu mfumo wetu hauna nafasi ya kitu kama hiki. Mtoto wetu akiingia kidato cha tano amekwisha kuchagua tahasusi, yaani masomo matatu atakayobobea. Wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) ameiaga jiografia, wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) ameiaga fizikia. Marekani upana huo unaendelea hadi ndani ya chuo. Niliiangalia hati ya kijana yule mstari kwa mstari: Uandishi wa Kiingereza krediti 3, Takwimu 3, Biolojia pamoja na maabara 4, Historia ya Marekani 3, Saikolojia 3, Ufundi wa Hotuba 3, na chini kabisa somo la kusikiliza na kuelewa muziki, krediti 3. Sarufi, balagha, hesabu na muziki zimo humo, zikiwa zimevaa nguo mpya. Kuchora hakumo.

Hata historia yake inaonyesha kwamba shahada hii ilizaliwa ikiwa nusu. William Rainey Harper, rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago, kilichofungua madarasa mwaka 1892, aliigawa miaka minne ya shahada mafungu mawili, akiamini kwamba miaka miwili ya kwanza ingeweza kufundishwa nje ya chuo kikuu. Mwaka 1901 yeye pamoja na J. Stanley Brown, msimamizi wa shule ya sekondari ya Joliet katika jimbo la Illinois, walianzisha masomo hayo Joliet kwa wanafunzi sita. Chuo kile kipo hadi leo.

Nusu hiyo, hata hivyo, haijiungi yenyewe na nusu ya pili. Thamani yake hutegemea makubaliano kati ya chuo kinachotoa na chuo kinachopokea. Florida inamhakikishia mwenye A.A. wa vyuo vyake vya umma nafasi katika mojawapo ya vyuo vikuu vya jimbo, ingawa si lazima kiwe kile anachokitaka. California ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2010 kwa mtandao wa California State University. Pasipo makubaliano, chuo kikuu huamua somo kwa somo, na hasara si ndogo: ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliripoti mwaka 2017 kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza, kwa wastani, takriban asilimia 43 ya krediti zao.

Mtafsiri nilimrudishia karatasi yake bila maneno makali, kwa kuwa kamusi nyingi zingempa maneno yale yale aliyoyatumia. Nilikata mstari mmoja tu na juu yake nikaandika: "Shahada ya asosieti, A.A., masomo ya jumla ya chuo kikuu, miaka miwili kati ya minne." Mzee alipousoma alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni chuo kikuu gani kitakachozikubali krediti zote. Tukaivuta ile hati ya matokeo karibu na taa, tukaanza na somo la kwanza.