Soma Tarehe Kwanza, Kashata Baadaye

Mtu akikagua tairi huinama, akatazama kashata, yaani zile nundu za mpira zinazogusa barabara, akiona bado ni ndefu anaridhika. Kashata inakwambia tairi limetembea kiasi gani. Haikwambii limeishi miaka mingapi, na mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa tu chini ya mwembe.

Umri umeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, fuata msururu wa herufi na namba hadi mwisho. Tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe: mbili za mwanzo ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018, yaani mwisho wa Agosti. Zikiwa tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Usipoteze muda kupiga hesabu, litoe. Mara nyingi tarehe ipo upande mmoja tu wa tairi, na kama fundi amefunga upande huo ukitazama ndani, itabidi uingie uvunguni na tochi. Ukikuta namba zimekwanguliwa, muuzaji ameshakujibu.

Kinacholizeesha tairi ni oksijeni na joto. Upepo uliomo ndani umeshindiliwa, na oksijeni yake hupenya polepole hadi kwenye mpira unaoshikanisha mikanda ya chuma iliyo chini ya kashata. Mpira huo hukakamaa, na nyufa huanzia kwenye kingo za mikanda, karibu na bega la tairi, mahali ambapo jicho halifiki. Halafu inakuja siku ya jua kali, gari limejaa watu na mizigo, upepo pungufu, mwendo wa barabara kuu. Kashata inabanduka nzima nzima, wakati mwingine tairi likiwa bado na upepo.

Uingereza ilijifunza kwa gharama. Mwaka 2012 basi lilipata ajali iliyoua watu baada ya tairi la mbele lenye umri wa zaidi ya miaka 19 kupasuka. Tangu Februari 2021 ni marufuku huko kufunga tairi la miaka 10 au zaidi kwenye ekseli ya mbele ya lori au basi. Kwa magari madogo, watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6, na watengenezaji wa tairi huweka ukomo wa miaka 10. Kwa joto la Dar, Mombasa au Muscat mimi naishika ile 6. Ile 10 ni ya nchi za baridi na gari linalolala gereji.

Sasa hesabu gari la mtumba kutoka Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini gari la miaka 7 linaweza kushuka bandarini na tairi zake za kiwandani, za umri uleule. Tena angalia kama ubavuni pameandikwa STUDLESS, au pana alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Hizo kwa kawaida ni tairi za barafu. Mpira wake ni laini kwa makusudi, kwenye lami ya moto huisha haraka na breki hukosa mshiko. Nyingi zina herufi Q baada ya namba ya uzito, maana yake ukomo wa kilomita 160 kwa saa, wakati tairi nyingi za kawaida zina ukomo wa juu zaidi, kama H, yaani 210, au V, yaani 240. Zinang'aa, kashata zimejaa, na bado hazifai huku kwetu.

Kwenye tairi la mtumba lililopakwa rangi nyeusi, usitazame mng'ao. Ingiza kidole kwenye mifereji ya kashata utafute vile vituta vya mpira vinavyoonyesha milimita 1.6, kikomo cha kuchakaa. Vikiwa vimekatwa au havipo, tairi limechongwa upya na wembe, na mpira uliobaki juu ya nyuzi ni mwembamba mno. Kisha kunja ubavu kwa dole gumba. Nyufa nyembamba kama unywele juu juu ni dalili ya mapema. Nyufa zilizoshuka hadi sakafu ya mfereji, au uvimbe wowote, ni za kukataa papo hapo.

Upepo pima asubuhi kabla ya gari kutembea, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kPa: 220 ni sawa na 32 kwenye mashine nyingi za mafundi pancha. Namba kubwa ya upepo iliyo ubavuni mwa tairi ni ukomo wa tairi lenyewe, si ya gari lako.

La mwisho kukaguliwa huwa spea, nalo ndilo huwa kuukuu kuliko yote. Lile linaloning'inia mlango wa nyuma wa Prado hupigwa jua mwaka mzima bila kuzunguka hata mara moja. Nta ya kinga iliyochanganywa kwenye mpira hutoka juu tairi linapojipinda barabarani, kwa hiyo lililotulia hupasuka ngozi mapema. Soma tarehe yake pia. Likiwa limepita miaka 6, litumie kwa kujikongoja hadi kwa fundi wa karibu, kwa mwendo mdogo.