Kompyuta ndogo ya Linux nyumbani Lamu: yanayosemwa na yalivyo

Kubwa linalosemwa hapa mtaani ni ati Raspberry Pi, hicho kidude cha kompyuta kinachoenea kiganjani, ni cha watoto kuchezea. Maneno hayo yana chanzo chake, manake ilitoka Uingereza 2012 ikilenga wanafunzi wajifunze kuandika programu, lakini saa hizi Pi 4, toleo lake la nne, inapatikana mpaka ya RAM (memori ya kufanyia kazi) 8GB na inabeba skrini mbili, barua utaandika, hesabu za duka utapiga kwa programu ya ofisi ya LibreOffice, YouTube utatizama. Ila ukichukua ya 2GB afu ufungue tabo thelathini usiilaumu.

Linux, yaani mfumo unaoiendesha, ati ni ngumu, skrini nyeusi na maandishi tu? Mwenye kusema hivo mara nyingi anaandika kwa simu ya Android, na kiini cha Android ni hiyo hiyo Linux. Raspberry Pi OS, ndo Linux yake yenyewe, imejengwa juu ya Debian, aina moja ya Linux, ina menyu na madirisha yake, skrini nyeusi utaigusa ukitaka.

Wengine nao wamezidisha, ati kila programu ya Windows itaingia. Haingii. Prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, ni ya aina ya ARM, na zile .exe (faili za programu za Windows) nyingi zimetengenezwa kwa prosesa za Intel na AMD, kwa hivo kama riziki yako iko kwa programu moja ya Windows basi baki na laptopu yako kwa amani.

Sasa hili ndo linaloniudhi: "Linux mbovu, inajizima kila saa." Kwani umeiwasha na chaja gani? Pi 4 yataka volti 5 na ampea 3, mtu anachomeka chaja ya simu ya zamani na waya mrefu mwembamba alionunua mtaani Langoni, volti zinapotelea njiani, zikishuka chini ya 4.63 inatokea alama ya radi ya manjano kwenye kona ya skrini, na watu wanaiona kila siku wanadhani ni urembo! Hapo inapunguza kasi, inaganda, mara imejiwasha upya, na mwenyewe keshaanza kupakua mfumo mwengine wa GB kadhaa kwa bando lake. Badili chaja kwanza.

Ati inakula stima? Pi 4 ikiwa haina kazi nzito ni kama wati 3, ukiiacha usiku na mchana mwezi mzima ni yuniti mbili na kidogo. TV uliyoichomekea ndo inamaliza tokeni.

Halafu kuna "stima ikipotea sio neno, itawaka tu." Ni neno. Mfumo na vitu vyako viko kwenye memori kadi, na kama ilikuwa inaandikwa, faili zinavurugika, na wakati mwengine haiwaki tena kabisa. Zima kwa menyu, nakili vitu vyako pengine, ukijaliwa hamia SSD ya USB, diski ya kuchomeka kwa nje. Na stima ikirudi kabla ya mtandao, saa inabaki nyuma, manake Pi 4 haina betri ya saa, basi brauza ikikataa tovuti ati cheti chake cha usalama hakifai, hao sio virusi, subiri ipate saa kwa intaneti. Pi 5 ina saa yake lakini betri unanunua kando.

Feni je, ni lazima? Chipu inaanza kujipunguza kasi ikifika nyuzi 80, na kwa Pi 4 mimi naona kasha la aluminiamu latosha, manake huku feni inavuta upepo wa chumvi moja kwa moja mpaka kwenye bodi. Pi 5 ya kazi nzito haikwepi feni, hiyo iweke chumba cha ndani, mbali na dirisha la baharini.