Medusa yupi ndo wa kweli? Visasili vya kale kwenye darasa la Kiingereza

Kila nikianza mada ya visasili na darasa jipya, swali huwa halichelewi: "Mwalimu, kwani stori ya kweli ni ipi?" Na wana haki ya kuuliza, maana huyu kamjua Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nyoka kichwani, kwenye gemu akiwa dude la kukatwa kichwa upate pointi, mwenzake kamsoma mtandaoni akiwa binti aliyedhulumiwa, wa tatu ana filamu yake kichwani, na kila mmoja anaona wenzie ndo wamepotoshwa. Mimi nafundisha fasihi ya Kiingereza sekondari na hii ndo mada ninayoipenda kuliko zote kwenye silabasi, kwa hiyo leo nataka nieleze jibu ninalowapa, na kwa nini karibu kila ninachofanya darasani kinaanzia hapo.

Jibu ni kwamba toleo moja la kweli halipo. Wagiriki wa kale hawakuwa na kitabu kimoja cha dini chenye stori zote zimepangwa mwanzo mpaka mwisho. Walikuwa na washairi, waandishi wa tamthilia, wachora vyungu, makuhani wa hekalu hili na lile, na kila mmoja alichukua hadithi ambayo watu tayari wanaijua akaipeleka anakotaka yeye. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Sasa ukishakubali hilo, maswali ya kuuliza darasani yanabadilika: anayesimulia hapa ni nani, anamsimulia nani, na anataka kupata nini? Mwanafunzi akiyazoea hayo matatu hata mtihani haumpi shida sana, kwa sababu ndo kazi yenyewe ya kusoma fasihi.

Tuanze na huyo huyo Medusa. Nawapa karatasi moja tu, upande mmoja mistari ya mshairi Mgiriki Hesiod kutoka Theogony (shairi la karibu mwaka 700 KK), upande wa pili mwisho wa kitabu cha 4 cha Metamorphoses ya mshairi Mrumi Ovid, ambayo ni ya mwaka 8 BK hivi. Kati ya hawa wawili kuna kama miaka 700, hilo nalisema mapema kwa sababu wanafunzi huwa wanadhani "zamani" ni siku moja. Kwa Hesiod mambo ni mafupi sana: kuna madada watatu wanaitwa Gorgon, wawili hawafi wala hawazeeki, Medusa peke yake ndo anaweza kufa. Mungu wa bahari analala naye kwenye majani laini katikati ya maua, halafu shujaa Perseus anamkata kichwa na hapo hapo wanatoka Chrysaor na farasi Pegasus. Basi. Hekalu halipo, adhabu haipo, habari ya nywele kugeuzwa nyoka haipo.

Kwa Ovid sasa ni jambo lingine kabisa. Medusa alikuwa msichana mzuri anayegombewa na wachumba wengi, na kilichosifiwa kuliko vyote ni nywele zake. Neptune (ndo yule mungu wa bahari kwa jina la Kirumi) akambaka ndani ya hekalu la Minerva, huyo mungu wa kike akageuza uso asione, na aliyeadhibiwa ni msichana: nywele zikawa nyoka. (Neno kubakwa nalisema hivyo hivyo lilivyo, na nawaambia darasa siku moja kabla kwamba litakuwepo. Vipo vitabu vya shule vinavyolainisha hapo vikasema "alipendwa na Neptune", mimi naona huko ni kumdanganya mtoto kuhusu kilichoandikwa.)

Halafu nawaambia warudi wasome tena wapige mstari panapoonyesha nani anaongea. Na hapa ndo darasa huwa linaamka. Stori hiyo Ovid haisemi kwa mdomo wake, anaisema Perseus! Yuko kwenye karamu ya harusi yake mwenyewe, mgeni mmoja anauliza ilikuwaje kati ya wale madada Medusa peke yake akawa na nyoka kichwani, na bwana harusi, ambaye ndiye aliyemkata kichwa akiwa amelala, anajibu. Tena kuhusu uzuri wa zile nywele anasema alikutana na mtu aliyedai kuziona. Yaani tunachojua kuhusu maisha ya Medusa kabla ya nyoka kimetoka kwa muuaji wake, mbele ya wageni, kwa kusikia kwa mtu. Na Medusa mwenyewe hatamki neno hata moja. Hapo simwambii mwanafunzi afikirie nini, nanyamaza tu, kwa sababu mikono inakuwa juu tayari.

Ndo maana sipendi ule utaratibu wa kuanza mada na jedwali la miungu. Unajua lile, Zeus ni Jupiter, Poseidon ni Neptune, huyu wa vita huyu wa mapenzi, kariri Ijumaa kuna jaribio. Majina watayapata wakiwa wanasoma, na atakayesahau ataangalia kwenye simu, haichukui hata dakika.

Chati ya "safari ya shujaa" nayo nina ugomvi nayo mkubwa zaidi kwa sababu ina sura ya usomi. Ni mchoro unaosema kila stori ya shujaa inapita hatua zile zile. Ilitoka kwa mwandishi wa visasili Joseph Campbell, kitabu chake cha mwaka 1949 kina hatua 17, na baadaye zikapunguzwa zikawa 12 kwa ajili ya watu wanaoandika filamu, sasa ziko ukutani kwenye madarasa kibao duniani. Mwanafunzi anapewa Odyssey, utenzi wa Homer kuhusu Odysseus anayerudi kwao Ithaca kutoka vitani, na duara lenye visanduku, anajaza wito, mlezi, majaribu, kurudi, kamaliza. Shida ni kwamba Odyssey ina vitabu 24 na Odysseus anashushwa Ithaca kwenye kitabu cha 13. Nusu nzima ya utenzi yuko nyumbani tayari! Amevaa matambara ya ombaomba anapima nani mwaminifu na nani sio, anabishana, anadanganya, anaficha uso asionekane analia, na yote hayo kwenye chati ni kisanduku kimoja kimeandikwa "kurudi". Na ile nusu ya kwanza yenyewe, vitabu vinne vya mwanzo ni vya mtoto wake Telemachus, baba mtu hatumuoni kabisa mpaka cha 5, tena tunamkuta kakaa ufukweni analia kwenye kisiwa cha Calypso. Chati inakuambia nini kuhusu hilo? Hakuna kitu. Inakufundisha kuona kinachofanana kwenye stori zote, wakati alama kwenye insha, na raha ya kusoma pia, iko kwenye kile ambacho stori hii imefanya tofauti.

Turudi kwenye maswali yetu matatu, maana kwenye Odyssey yanazaa sana. Yale madude yote ambayo watu wanayakumbuka, zimwi lenye jicho moja, Circe anayegeuza watu nguruwe, nyimbo za kina Siren zinazowavuta mabaharia wafe, safari ya kuzimu, yako kwenye vitabu vya 9 mpaka 12 na anayeyasimulia ni Odysseus mwenyewe. Anawasimulia nani? Mfalme Alcinous na watu wake, mezani, usiku. Anataka nini? Meli ya kumpeleka kwao. Kwa hiyo huyu ni mgeni asiye na kitu anayehitaji wenyeji wamwone mtu mkubwa. Mimi sisemi kwamba kadanganya, Homer halisemi hilo, na sehemu nyingine za utenzi zinamuunga mkono kwamba kweli alimpofusha lile zimwi. Ninachowaambia wanafunzi ni waweke kando ya ukurasa alama ndogo kila anapojisifu na alama nyingine kila anapokiri jambo linalomharibia.

Kwenye pango la Polyphemus, lile zimwi la jicho moja, alama zote mbili zinajaa. Anasimulia mwenyewe kwamba wenzake walimsihi wachukue jibini na wanakondoo waondoke, akakataa, alitaka kumwona mwenye pango na kuona atapewa zawadi gani ya ugeni. Aliingia na watu 12, 6 wakaliwa, wawili wawili. Kisha ule ujanja wa kujiita Hakuna Mtu, mti wa mzeituni uliochongwa ncha ukachomwa motoni, kujificha chini ya matumbo ya kondoo dume, yote hayo ni akili ya hali ya juu. Halafu akiwa ameshapona, yuko majini, wenzake wanambembeleza anyamaze, anapaza sauti anataja jina lake kamili, la baba yake na kwao. Sasa zimwi lina jina la kumpelekea baba yake Poseidon, mungu wa bahari, kwenye dua, linaomba asifike kwao, na kama ni lazima afike basi achelewe, afike vibaya, wenzake wote wamekufa, kwenye meli ya watu wengine, akute matatizo nyumbani. Kila kitu kwenye hiyo dua kinatimia. Nawauliza: mtu anayeomba lifti kwa wenyeji, kwa nini awaambie hili? Nimewahi kusikia darasani kwamba anajuta, kwamba anajisifu hata kwenye kujuta, kwamba anawaeleza kiustaarabu kuwa kumsaidia kuna hatari, na hayo yote unaweza kuyatetea kwa mistari. Akifika Ithaca anaanza uongo wa wazi kabisa, anajifanya mtu wa Crete, wa kwanza kudanganywa ni mungu wa kike Athena, na yule mungu anatabasamu kwa kumfurahia. Mwanafunzi akishafika hapo anarudi mwenyewe kwenye kitabu cha 9 na jicho jipya.

Upande wa tamthilia huwa natumia Oedipus, yule mfalme wa Thebes aliyemuua baba yake na kumuoa mama yake bila kujua. Kwenye kitabu cha 11 cha Odyssey kuna mistari kama 10 hivi kuhusu mama yake, hapo anaitwa Epicaste, aliyejinyonga baada ya kujua aliolewa na mwanae. Na Oedipus? Anaendelea kutawala Thebes, kwa mateso, lakini anatawala. Macho yake Homer hayagusi. Nawasomesha hiyo mistari KABLA ya tamthilia ya Sophocles, ili wakifika mwisho wa Oedipus the King, pale anapochomoa bizimu za dhahabu kwenye nguo ya Jocasta (ndo Epicaste kwa jina lingine) akajipiga nazo machoni, waelewe kwamba hiyo ilikuwa njia moja kati ya njia zilizokuwepo. Korasi, lile kundi linaloimba na kuongea pamoja jukwaani, wanamuuliza ni mungu gani aliyemsukuma na anajibu kwamba mateso yameletwa na Apollo, lakini mkono uliopiga ni wake mwenyewe. Tamthilia nzima inatafuta mhalifu, na mwisho mtu anasimama anagawa lawama hivi kwa umakini: hili la mungu, hili langu. Ukiwaacha wanafunzi wamalize na "kosa lake ni kiburi", kama noti nyingi za mtandaoni zinavyosema, umewanyima hiyo mistari.

Na tamthilia isomwe kwa sauti jamani. Korasi wasome kundi zima, hata kama wanapishana. Watazamaji wa Athens walikuwa wanamjua Oedipus hata kabla ya kukaa, kwa hiyo pale mwanzoni anapomlaani muuaji wa Laius, baba yake, mbele ya raia wote, wao walisikia mtu anajilaani. Hicho kitu kusoma kimya kimya hakikupi.

Shakespeare napita haraka ila simwachi, kwa sababu anawaonyesha kuwa huo mchezo haukuishia kwa Wagiriki na Warumi. Wapenzi Pyramus na Thisbe wako kwa Ovid, kitabu cha 4 hicho hicho cha Medusa, na Arthur Golding alishaitafsiri Metamorphoses nzima kwa Kiingereza kufikia mwaka 1567. Miaka ya 1590 Shakespeare anawaweka Pyramus na Thisbe kwenye A Midsummer Night's Dream, mafundi wanaigiza vibaya mpaka watu wanacheka, na kwenye Romeo and Juliet wapenzi wanakufa kwa kupishana vile vile na watu wanalia.

Kuhusu vitabu: kwa Homer tafuta tafsiri yenye namba za mistari, bila hiyo mjadala unakufa kwa "iko wapi, iko wapi". Mimi natumia ya Emily Wilson ya mwaka 2017, mistari yake ni mingi sawa na ya Kigiriki na lugha yake kijana anaisoma bila kamusi mkononi. Muhtasari wa mtandaoni siwakatazi, nawaomba tu wasome muhtasari na karatasi yangu pamoja, wanaona wenyewe kwamba muhtasari umechanganya Hesiod na Ovid kwenye aya moja na aliyekuwa anasimulia kafutwa.

Insha ya mwisho swali ni moja kila mwaka: chagua mistari isiyozidi 20, onyesha msimulizi kachagua nini na kaacha nini. Wengi siku hizi wanachagua kitabu cha 22, wale wajakazi 12 waliolala na wanaume waliokuwa wanamgombea Penelope, mke wa Odysseus. Odysseus kaagiza wauawe kwa upanga, Telemachus anakataa, anasema hawastahili kifo safi, anawanyonga kwa kamba ya meli, na Homer anawafananisha na ndege walionaswa wakiwa wanarudi kulala. Kwa nini ndege, na kwa nini wanaorudi kulala, kama msimulizi yuko upande wa Telemachus? Nusu ya darasa wanasema Homer anawahurumia, nusu wanasema anawahesabu mawindo tu, na ubishi huwa mkali kweli. Kipindi hicho nakiacha chote kiwe cha kubishana, insha wanaiandika kesho yake, na anayepata alama za juu kwangu ni yule aliyewanukuu vizuri hata wale asiokubaliana nao.