Mama lishe hajakosa juhudi, amekosa mtaji wa kutosha

Kwenye vikundi vya akina mama ninavyofundisha masuala ya fedha kuna swali halikosekani: "mwalimu, mbona najituma hivi na bado nipo palepale?" Anayeuliza mara nyingi ni mama lishe au muuza mboga, mtu ambaye alfajiri imemkuta sokoni. Naumia sana nikisikia anajibiwa akaze tu, maana huyu amekaza kuliko wengi wetu tunaomshauri.

Tupige hesabu. Mama lishe mwenye mtaji mdogo hana hela ya gunia la mkaa kwa hiyo ananunua wa kopo, mafuta anachukua ya kupima, mchele kilo mbili tatu za leo tu, na kila kimoja kinamtoka kwa bei ya juu kuliko jirani yake anayechukua vya jumla, lakini sahani ya wali maharage wote wanauza bei moja kwa wateja walewale. Anaweza kuwahi zaidi, akapika vizuri zaidi, na bado faida yake ikabaki kwa wauza vya kupima.

Halafu mtoto anaumwa. Mtaji unaliwa wote kwa siku mbili, na hapo ndo anaangukia kausha damu, ile mikopo ya haraka ya riba kubwa. Tuseme kaandikiwa laki moja, wakakata elfu kumi ya fomu, akaondoka na elfu 90, marejesho elfu 4 kila siku kwa siku 30, jumla laki na ishirini. Yeye anaona riba ni elfu 20 tu. Ila kumbuka anaanza kurudisha kesho yake, ile hela yote hakai nayo hata wiki, kwa hiyo ukikokotoa vizuri ni karibu asilimia 2 kwa siku, yaani kama 60 kwa mwezi, wakati ukomo uliowekwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wanaokopesha bila kupokea akiba za watu, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Biashara ya chakula ya kulipa riba hiyo na kulisha familia mimi sijaiona.

Bangladesh kuna utafiti ambao huwa nausimulia kila semina. Shirika la BRAC liliwapa ng'ombe wanawake maskini kabisa wa vijijini, waliokuwa vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa ndani, wakapewa na mafunzo, mradi ulianza 2007 na wachumi wakawafuatilia miaka 11. Waliokuwa na chochote kidogo kabla, ng'ombe alipoongezeka wakavuka mstari fulani wa mali na wakaendelea kupanda. Wale ambao hata na ng'ombe walibaki chini ya mstari ule, wengi waliteleza wakarudi walikotoka. Wanawake wa mazingira yaleyale kabisa, tofauti ilikuwa walianzia wapi. Na waliopewa mifugo walifanya kazi siku nyingi zaidi kwa mwaka, maana kibarua kina msimu lakini ng'ombe analishwa kila siku, kwa hiyo nguvu ya kufanya kazi walikuwa nayo muda wote, kazi yenyewe ndo ilikuwa haipo.

Kwa hiyo sisemi juhudi hazina maana, ng'ombe asiyekatiwa majani hatoi maziwa. Nasema juhudi inalipa kwa mwenye kitu cha kuifanyia kazi. Dereva boda anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni anajua hili, yule wa mkataba akishamaliza pikipiki ikawa yake, barabara ni ileile na abiria ni walewale ila hela inabaki mfukoni.

Ndo maana ile mikopo ya vikundi isiyo na riba, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, wanawake asilimia 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, naitetea kwa nguvu zote. Kinachonisikitisha ni vikundi kupokea hela na kugawana sawa kwa sawa hapohapo, kila mtu anaondoka na kiasi kinachomrudisha kwenye mkaa wa kopo. Jamani msigawane. Nunueni mchele, mafuta na mkaa wa jumla kama kikundi, kila mmoja achukue stoo kwa bei ya jumla na alipe akishauza, na mfuko wa ugonjwa uwe pembeni tangu siku ya kwanza, tena usiguswe kwa biashara.