Kuni Mkononi: Je, Bila Guru Mungu Hapatikani?

Kila nikifundisha Uhindu, swali hili halikosi: Mhindu anayemtafuta Mungu lazima awe na guru, yaani mwalimu wa kiroho?

Mundaka Upanishadi, moja ya maandiko ya kale ya Kihindu, haipepesi macho. Anayetaka kumjua Brahman, ule uhalisia mkuu ulio nyuma ya vyote, aende kwa guru, kuni mkononi. Ni kuni za moto wa ibada, na kufika nazo ni kusema, "Nimekuja kutumika." Guru naye amewekewa masharti mawili: awe ameyabobea maandiko, na awe ametulia ndani ya Brahman. Watu wengi hukagua lile la kwanza tu, halafu wanakuja kulia.

Sasa funua mbele kidogo. Andiko hilohilo, sehemu ya tatu, linasema Atman, ile nafsi ya ndani kabisa, haipatikani kwa mafundisho, wala kwa akili, wala kwa kusikiliza sana. Humfikia yule iliyemchagua yenyewe. Hapo wanafunzi hudhani nimekosea ukurasa.

Mimi huwapeleka kwa Satyakama, kijana wa Chandogya Upanishadi, andiko jingine la aina hiyo. Guru wake alimkabidhi ng'ombe 400, wamekonda, hawana nguvu. Kijana akaapa harudi mpaka watimie 1,000. Akakaa nao malishoni miaka na miaka. Walipotimia, fahali mmoja akafungua kinywa akamfundisha robo ya Brahman. Robo ya pili alifundishwa na moto, ya tatu na bata bukini, ya nne na ndege mpiga mbizi. Akarudi uso unang'aa. Guru akashtuka: nani kakufundisha? "Si watu," akajibu, "lakini natamani nifundishwe na wewe, mwalimu." Akafundishwa upya yaleyale, hakikupunguzwa kitu.

Kwangu mimi, uzito wa kisa uko kwenye hiyo "lakini". Kijana ameshajua, bado anataka mtu mwenye kujua amthibitishie. Wafuasi wa tarika watalielewa hili haraka kuliko wengine.

Basi vipi Ramana Maharshi, yule mtakatifu wa kusini mwa India? Mwaka 1896, akiwa na miaka 16 kule Madurai, hofu ya kifo ilimshika ghafla. Akajilaza kama maiti, akaanza kuchunguza ni nini hasa kinachokufa. Hapakuwa na mwalimu chumbani. Baada ya wiki chache alikwenda mji wa Tiruvannamalai, akakaa huko hadi alipofariki 1950. Watu humtaja kama ushahidi kwamba guru hahitajiki. Mwenyewe hakusema hivyo. Alisema guru si lazima awe na umbo la mtu. Wake ulikuwa Arunachala, mlima uliosimama palepale juu ya mji.