Je wajua? Kompyuta inaanzia C, sasa A na B zilienda wapi?

Juzi nipo kwa jamaa yangu pale Mwenge, ana steshenari na pembeni anapiga windo laptopu za watu, akaingia dogo wa chuo na flashi yake anataka kuprinti ripoti ya fildi. Jamaa kafungua kompyuta zikatokea herufi za diski C, D, flashi ikakaa E. Dogo kaangalia weee, kisha: "Kaka, hivi A na B mmezificha wapi?" Tukacheka wote, ila kumjibu hakuna. Mama mmoja akasema labda zimeliwa na virusi.

Hazijaliwa mama. Zina wenyewe, wenyewe ni flopi, zile diskete za zamani.

Mwaka 1974 Mmarekani anaitwa Gary Kildall alitengeneza mfumo wa kuendesha kompyuta ndogo ukaitwa CP/M, humo kila draivu ya diskete (kile kitundu cha kuichomeka) ilikuwa na herufi yake, ya kwanza A, ya pili B. (Mwaka huohuo huku kwetu serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwahiyo hizo A na B wengi Dar hatukuzisikia kabisa.) Agosti 1981 kampuni ya IBM wakatoa kompyuta yao ya PC, ikaja na DOS, mfumo wa kuiendesha wa Microsoft, ambao uliiga vitu vingi vya CP/M, herufi zikiwemo.

Sasa ile PC haikuwa na diski ya ndani kabisa, yaani ukitaka kufanya kazi unachomeka diskete yenye DOS kwenye A, diskete ya mafaili yako B, na diskete yenyewe mwanzoni ilibeba KB 160 tu, hapo picha moja ya simu yako ya leo haiingii hata kipande.

Na ambaye hela yake imeishia kwenye draivu moja? Hapa ndo napapenda. DOS ilijifanya draivu hiyohiyo ni A na ni B, kama daladala inayogeuza kibao, asubuhi Mbagala jioni Gongo la Mboto na gari ni lilelile. Ukikopi faili kutoka A kwenda B inasimama katikati, inakwambia chomeka diskete ya B kisha bonyeza kitufe chochote, unatoa unaweka, baadaye inadai tena ya A, faili likiwa kubwa utachomeka na kuchomoa mpaka uchoke. Kwahiyo B ilikuwa na mwenyewe hata pale ambapo draivu ya pili haipo.

Machi 1983 IBM wakaleta PC XT, hiyo ikawa na diski ya ndani ya MB 10. Picha tatu za simu hizo, ila kipindi kile mali kwelikweli. Ipewe herufi gani? A na B zishachukuliwa, ikapewa C, imekaa hapo mpaka leo.

Flopi zenyewe zilikuja kufa taratibu, zile ngumu za MB 1.44 zilianza 1987 na Sony walikuja kuacha kuziuza Japani 2011. Kwanini wasirudishe A basi? Shida programu. Zimeandikwa miaka na miaka zikitegemea kujikuta C, ukiihamisha nusu ya vitu vinagoma kuwaka, na faida yenyewe hamna. Hata kile kialama cha kusevu kwenye Word ni picha ya flopi, madogo wengi wanadhani ni kabati.

Jamaa kusikia hivyo akaingia kwenye mipangilio ya diski, akaifuta ile E ya flashi akaweka A. Ikakubali! Dogo akapiga picha skrini fasta arushe kwenye grupu la darasa, ndo akakumbuka ripoti bado haijaprintiwa, na nyuma yake watu washaanza kuguna.